Pini ya Mia na Moja

Siku Rula aliporudi nyumbani saa saba mchana, mke wake alidhani saa ya ukutani ndiyo imeharibika.

Rula alikuwa mtu wa saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Si dakika tano, si dakika kumi na mbili. Jirani mmoja asiye na saa alikuwa anabandika sufuria ya jioni kwa kusikia geti la Rula likilia, na chakula chake hakijawahi kuchelewa. Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule. Jina hilo walimpa wenzake huko huko kwa kumkejeli, naye akalipokea kama zawadi. Alisema rula ni kitu cha heshima, haijawahi kumwongopea mtu.

Mke wake alikuwa msusi, na ukumbi wa kusukia ulikuwa sebule yao. Mchana huo alikuwa amekikamata kichwa cha wifi yake, dada mkubwa wa Rula. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama kama imeona jini. Na kwa bahati mbaya, wifi alikuwa amekalia kiti cha Rula.

Rula akasimama mlangoni akikitazama kiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Bado. Umekalia kiti changu."

"Kaa kingine, baba. Vyote vinne vilitoka duka moja siku moja."

"Najua, nilikuwepo. Hicho kina mkwaruzo mguu wa nyuma."

"Wifi yangu, nyanyuka tu," Msusi akanong'ona. "Tutakesha hapa."

Wifi akanyanyuka na kitana kikining'inia kichwani, akahamia kiti cha pili huku akisonya. Rula akakaa. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, kona juu ya kona, akaiweka mapajani.

"Nimefungua maboksi arobaini," akasema.

"Maboksi ya nini?" Msusi akauliza.

"Ya sare. Yalikuwa yameshafungwa kwa selotepu, gari liko nje linasubiri. Nikayafungua yote. Natafuta pini."

"Umeipata?"

"Sijaipata. Ndiyo maana yakafika arobaini."

Msusi akauachia msuko aliokuwa ameushika. Ulianza kufumuka polepole wenyewe, na hakuna aliyeujali.

Akaichukua karatasi. Ilikuwa barua ya mwenye karakana, mwanamke waliyemwita Mama Vifungo kwa sababu hakuiamini sare yoyote mpaka aving'ate vifungo vyake kwa meno. Barua ilisema mzigo umechelewa siku mbili, shule imelalamika, na mkataji arudi Ijumaa saa nne asubuhi na maelezo. Chini palichorwa visanduku vitatu: Uzembe. Ugonjwa. Tabia. Weka alama moja tu. Kama ni ugonjwa, njoo na karatasi ya daktari tuzungumze. Kama ni kimojawapo cha vingine, acha kimto chako cha pini stoo na uende salama.

"Tabia hiyo," wifi akahukumu, hata barua hajamaliza kusomewa. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, namjua. Akiwa mdogo anapanga vizibo vya soda kwa rangi kutwa nzima, ukikikanyaga kimoja analia kama amefiwa. Vyakula vikigusana sahanini, hali. Mgeni akimuuliza, 'Hujambo?' anajibu, 'Ninalo. Nimejikwaa.'"

"Nilikuwa nimejikwaa kweli," Rula akasema.

"Unamsikia? Kiburi cha marehemu baba yetu, kimehamia hapa na godoro lake."

"Wifi, kiburi hakimchubui mtu vidole." Msusi akaunyanyua mkono wa mumewe. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, ngozi imelika kwa kupapasa pindo, mishono na mifuko ya sare elfu moja na mia mbili. Wifi akaiangalia mikono ile, kisha akaangalia pembeni.

"Weka alama kwenye ugonjwa, Baba Kidoti," Msusi akasema. "Tuokoe kazi kwanza, mengine tutajadili tumeshiba."

"Uzembe si kweli, hilo nalijua. Hayo mawili sijui moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Nikiweka alama kwenye ninachobahatisha, nitakuwa nimedanganya kwa kalamu."

"Ee Mungu," akasema Msusi, "ulinipa mwanamume asiyesema uongo, nikashukuru kabla sijasoma maelekezo."

*

Mambo yalianza wiki tatu nyuma, Ijumaa jioni, kwa hesabu.

Kila mkataji alikuwa na kimto cha mkononi chenye pini mia za kubania karatasi ya kipimo juu ya kitambaa. Wenzake hawakuwahi kuzihesabu. Pini ikipotea imepotea, stoo zipo. Rula alizihesabu kila jioni kabla ya kuvua koti la kazi na kurudi na kimto nyumbani, na kwa miaka tisa zilikuwa mia. Ijumaa ile zilikuwa tisini na tisa.

Alitafuta mezani, chini ya meza, kwenye soli za viatu vya watu. Nyumbani akamuuliza mkewe, "Umegusa kimto changu?" Msusi alikuwa ameshaulizwa maswali saba tangu mume avue viatu, kama jiko limezimwa, kama kitasa kimefungwa. Akajibu kama mtu anayefukuza nzi, "Sijagusa, sijagusa, sijagusa." Mara tatu, kwa sababu moja huwa haimtoshi.

Basi pini ikabaki mahali pamoja tu: ndani ya sare. Na sare ina mtoto ndani yake.

Tangu hapo binti yao, Kidoti, aliyekuwa kidato cha pili, alichelewa shule kila siku. Baba alimgeuza mlangoni kama shati juu ya pasi, akipapasa pindo la sketi.

"Baba, sketi hii ni ya mwaka jana," Kidoti alisema. "Kama ina pini, basi tumeshazoeana nayo."

Msusi alicheka. Rula hakucheka, akarudia pindo.

Karakanani wakapata mchezo. Saa nne, wakati wa chai, mpiga pasi mmoja akapiga kelele, "Rula! Nimeona kitu kinang'aa kikombeni mwako!" Rula akaenda stoo, akarudi na kipande cha kitambaa cheupe, akaichuja ile chai mbele ya watu ishirini na mbili, taratibu, mpaka tone la mwisho. Wakacheka mpaka mashine zikasimama. Alijua wanamcheka. Alijua pia kwamba hakuna pini. Akaichuja mara ya pili. Na juu ya vichwa vyao, ukutani, kwa rangi nyekundu aliyoilipia Mama Vifungo mwenyewe, kulikuwa na maandishi ya kuwahimiza wafanyakazi wawe makini: WASIWASI NDIYO AKILI.

*

Jumatano asubuhi, siku moja baada ya barua, Msusi aliishiwa gundi ya nywele katikati ya kichwa cha mteja. Akapekua kabati, akapata chupa ya zamani nyuma ya mafuta, akaiminya. Haikutoa kitu. Akaitazama ncha yake.

Mle tunduni, imechomekwa mpaka shingoni, ilikuwa pini yenye kichwa cheupe.

Akakumbuka yote kwa mara moja. Ijumaa ile alfajiri, mteja ana safari, chupa imeziba, kimto kinaning'inia kwenye msumari wa mlango. Alichomoa moja kuzibulia, akaiacha humo iwe kizibo, akasahau kabla mteja hajavaa kiatu. Jioni yake akaulizwa, akasema sijagusa, mara tatu.

Akakaa kwenye kiti cha mteja, mteja akiwa bado yumo.

"Mama Kidoti, vipi?"

"Mimi ndiye mwizi wa arobaini," akasema.

Mteja aliondoka na nusu kichwa na ahadi. Msusi akaingia chumbani, alikokuwa mumewe, amekaa kitandani anahesabu kimto. Akapiga magoti mbele yake.

"Baba Kidoti, nisamehe. Pini yako hii hapa. Niliichukua mimi, nikazibulia gundi. Ulipouliza nikakujibu bila kukusikia."

Rula akaipokea. Akaipangusa gundi kwa shati, akaigeuza mwangani, akaichomeka kimtoni mahali pake. Akahesabu. Mia. Akahesabu tena. Mia. Na uso wake, ambao kwa wiki tatu ulikuwa umekunjwa kama ile barua, ukanyooka. Msusi aliuona unanyooka, akalia kwa furaha na aibu kwa pamoja.

"Kwa hiyo kwenye maboksi haikuwepo," Rula akasema.

"Haikuwepo hata kidogo! Imekwisha. Ngoja nikukaangie yai."

Akaenda jikoni anaimba. Alivunja yai, akaligeuza. Aliporudi na sahani, yai kivyake na mkate kivyake visigusane, mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, uso umekunjamana upya.

"Mama Kidoti."

"Abee."

"Na kama karani wa stoo alinihesabia mia na moja?"

Msusi akaiweka sahani kitandani. Kwa wiki tatu alikuwa amepigana na pini. Sasa pini ipo, imerudi mahali pake, na vita bado. Hapo ndipo alipojua hawakuwa wakipigana na pini.

"Kesho tunaenda kwa daktari," akasema.

Rula akafikiri. "Sawa. Lakini twende wote. Mimi nitajibu alichouliza. Wewe utajibu alichotaka kujua."

*

Daktari wa mambo ya akili alikuwa kijana, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Rula hakumtazama machoni. Alitazama waya.

"Karibuni. Habari za nyumbani?"

"Zipi?" Rula akauliza.

"Nzuri, daktari," Msusi akadakia. "Shikamoo yetu."

Daktari akatabasamu, akaanza kuuliza. Hakuharakisha. Aliuliza utoto, sauti, nguo, viti, sahani, na Rula akajibu kwa usahihi wa kutisha, pamoja na tarehe. Msusi alijazia pale mumewe alipojibu ndiyo tupu kwa jambo lenye saa mbili ndani yake.

"Kile kiti chako," daktari akasema. "Ukikaa hapo unajisikiaje?"

"Nimekaa."

"Na ukikosa?"

"Kama nimevaa shati ndani nje. Siumii. Ila nalisikia siku nzima."

"Na kupanga, kuhesabu nyuzi, kukata? Kunakuchosha?"

"Hapo ndipo ninapopumzika."

"Kutafuta pini je? Kunakupumzisha?"

Msusi akafungua mdomo kumjibia, na daktari akamwashiria kwa kidole angoje.

"Kutafuta huko sikupendi," Rula akasema mwishowe. "Najua haipo. Nina hakika kwa asilimia tisini na tisa. Hiyo moja iliyobaki ina uso."

"Uso wa nani?"

"Mtoto wa darasa la kwanza. Anavaa sketi siku ya kwanza ya shule. Mama yake anafurahi." Akarudi kuutazama ule waya. "Halafu anakaa."

Msusi hakuwahi kulisikia hilo. Miaka kumi na saba ya ndoa, wiki tatu za sijagusa-haipo-tulia, na hakuwahi kumuuliza anaona nini.

"Nitawaambia ninachokiona, na nisichokiona pia," daktari akasema. "Hili la pini ni maradhi ya wasiwasi. Wazo linakuja halijaalikwa, linakutisha, unakagua ili likuache, na linarudi na ndugu zake. Hilo lina matibabu. Lakini viti, sahani, maneno kuyachukua yalivyo, hayo umekuwa nayo tangu mdogo na hayakutishi. Yanafanana na alama za usonji, maumbile ya akili ambayo mtu anazaliwa nayo. Siwezi kuthibitisha kwa siku moja, tutahitaji muda. Watu wengi wana vyote viwili, na kwa nje vinafanana kama mapacha."

"Na ubishi?" Msusi akauliza. "Maana ana ubishi, daktari, usione amekaa hivyo."

"Ubishi sina dawa yake, mama. Huo ni wake."

Rula alikuwa anatazama mikono yake. "Kwa hiyo kuna doa, na kuna ufumo."

"Nieleze."

"Doa limekuja juu ya kitambaa. Unaliondoa, kitambaa kinabaki. Ufumo ndio kitambaa chenyewe. Ukianza kuuvuta, mwisho unabaki na uzi mkononi na mtoto hana sare."

Daktari akachukua kalamu akaandika hayo.

"Na kukagua kitasa mara tatu kila siku?" Msusi akauliza. "Hilo ni doa au ufumo?"

Mume akafikiri. "Sijui."

"Hata mimi," daktari akasema. "Kuna mahali doa limeshaingia kwenye uzi. Tutakwenda polepole." Kisha akamgeukia Msusi. "Mama, akikuuliza kama pini ipo, unamjibu nini?"

"Namwambia haipo. Hata mara ishirini, namwambia tu haipo."

"Kuanzia leo mjibu, sijui."

Msusi akashika kifua. "Daktari! Mume wangu anaungua, nimnyime maji?"

"Unachomwagia si maji, mama. Ni mafuta ya taa."

*

Ijumaa saa nne kamili walikuwa karakanani. Rula na mkewe walisimama mbele ya meza ya kukatia, kwa sababu Mama Vifungo hakuwa na ofisi na hakuona haja ya siri. Mashine zilikuwa zinakwenda, lakini taratibu mno, kama mashine zenye masikio.

Mama Vifungo akafungua barua ya daktari, akaisoma. Akafungua ile karatasi ya visanduku, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii nini?"

Chini ya visanduku vyake vitatu palikuwa na cha nne, kimechorwa kwa rula, kizuri kuliko vyake. Ndani yake kulikuwa na alama. Mbele yake pameandikwa kwa mwandiko mdogo: *Ugonjwa na maumbile. Mpaka kati yake haujapimwa. Ubishi ni wangu.*

"Nilisema alama moja."

"Ni moja," Rula akasema.

"Nilisema uchague sababu!"

"Sababu si moja."

"Anachotaka kusema ni kwamba..." Msusi akaanza.

"Nimemwelewa, mama. Tatizo ndilo hilo." Mama Vifungo akavua miwani. "Wewe unajua nimepata aibu gani? Mwalimu mkuu ananipigia, wazazi wamejaa, watoto wamevaa nguo za nyumbani siku ya ufunguzi wa shule mpya. Nimejieleza kama mwizi wa kuku. Nimwambie nini? Mkataji wangu ana wasiwasi?"

"Ndiyo. Hapo umeandika wasiwasi ndiyo akili," Rula akasema, akionyesha ukutani. "Daktari ameandika wasiwasi ni maradhi. Mmoja wenu afute."

Mashine zote zikazima. Mpiga pasi akajificha nyuma ya mvuke, mabega yanatikisika. Msusi akafumba macho akaanza kuhesabu moyoni vichwa atakavyosuka kulisha nyumba peke yake.

Mama Vifungo aliutazama ukuta. Mdomo ukamcheza. Kisha akainama chini ya meza akatoa rundo la kitambaa cha bluu, akalibwaga mbele yao.

"Siku tatu hayupo," akamwambia Msusi, kana kwamba Rula ni mtoto asiyesikia. "Siku tatu tu. Tazama. Mikono sitini ya mashati, yote ya kushoto."

Rula akashika mkono mmoja wa shati, akaufuata kwa kidole. Alionekana kuumwa.

"Kukata namtaka," Mama Vifungo akasema. "Sijawahi kupata wa kumfikia. Lakini boksi likishafungwa, limefungwa. Kule kwenye kufungia kutakuwa na mtu, atapitisha sumaku mara moja, basi. Naye asisogee. Na nataka nione leo, si kesho."

Akapiga makofi. Wakaleta boksi la sketi za darasa la kwanza, ndogo ndogo, zimekunjwa. Msichana wa kufungia akapitisha sumaku mara moja, akavuta selotepu. Ililia *kraaa* kutoka mwanzo hadi mwisho. Gari lilikuwa nje, injini inanguruma.

"Likitoka bila wewe kuligusa, rudi mezani kwako. Ukiligusa, kimto kibaki hapa."

Rula akaweka mikono nyuma. Msusi, aliyesimama nyuma yake, ndiye pekee aliyeiona: vidole vilivyochubuka vikifinyana, vikiachiana, vikifinyana. Jasho likamtoka shingoni, likaingia kwenye kola. Mpakiaji akalinyanyua boksi begani. Rula akapiga hatua moja. Mpiga pasi akatoka nyuma ya mvuke wake, hacheki tena.

"Mama Kidoti," Rula akasema bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya mtu aliye kisimani. "Imo?"

Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Msusi. Haipo. Neno dogo tu, angempa bure, angempa mara elfu. Alimwona yule mtoto wa darasa la kwanza, sasa naye alimwona, na mama yake anafurahi.

"Sijui," akasema, na machozi yakamtoka.

Boksi likapita mlangoni. Mlango wa gari ukagongwa. Injini ikaondoka na ule mngurumo wake, ukapungua, ukapungua, mpaka hapakubaki kitu isipokuwa watu ishirini na mbili wanaovuta pumzi.

Rula alisimama palepale kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuupima. Kisha akafika mezani, akauchukua mkasi, akavuta rundo la bluu.

"Hii mikono sitini," akasema, "ikigeuzwa upande wa ndani, thelathini inaweza kuwa ya kulia. Kitambaa hiki hakina uso, pande zote mbili ni sawa."

Mama Vifungo akaivaa miwani. "Nyie," akawafokea wengine, "hamna kazi?"

*

Saa kumi na moja na dakika kumi, geti likalia. Jirani akabandika sufuria.

Rula akavua viatu, akavipanga, akakagua kitasa mara tatu. Msusi alizihesabu, akaziacha. Hilo lilikuwa bado halijapimwa. Kiti kilikuwa mahali pake, mkwaruzo nyuma. Akakaa. Kidoti, aliyeshasimuliwa yote, alijifanya anasoma kitabu alichokishika juu chini.

"Imo?" Rula akauliza.

"Sijui, Baba Kidoti."

Akatazama sakafu. Kidoti akageuza ukurasa, kinyume.

"Na mimi sijui," Rula akasema. Kisha, baada ya muda, "Nipe chai. Ichuje."

Moyo wa Msusi ukamshuka mpaka kwenye ndara. Akasimama na birika mkononi.

"Kwa sababu ya pini?"

Rula akainua uso, ameshangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kulala.

"Pini imeingiaje kwenye chai? Sipendi majani mdomoni."

Kidoti akaangua kicheko, kitabu kikaanguka. Msusi akatafuta chujio. Hili nalo hakujua aliweke upande gani, wa doa, wa ufumo, au wa ubishi tu wa ukoo mzima. Akaichuja chai, mara moja, akamletea mumewe.